Si Kila Filamu Paris au Berlin Hubadilishwa Sauti

Baadhi ya wasafiri huamini kuwa kumbi za sinema za Paris na Berlin huonyesha filamu zote za kigeni zikiwa zimebadilishwa sauti kuwa Kifaransa au Kijerumani, hivyo asiyejua Kifaransa wala Kijerumani hana la kutazama. Imani hiyo ina msingi, kwani desturi hiyo ni ya muda mrefu huko. Hata hivyo, ratiba za sinema, ambazo zaweza kusomwa kwa simu hata kabla ya safari, kwa kawaida huonyesha lugha ya kila onyesho kwa herufi chache: Ufaransa, VF ni sauti ya Kifaransa na VO ni lugha ya asili ya filamu; Ujerumani, OV ni lugha ya asili, na OmU ni lugha ya asili iliyoongezewa maandishi ya Kijerumani chini ya picha. Ila lugha ya asili si lazima iwe Kiingereza: filamu ya Kikorea yenye alama ya VO, bila shaka, itasikika kwa Kikorea.