Kilo za miwati zisikudanganye

Watu wanaochemsha magome ya miwati, ile miti ambayo gome lake lina tanini, dawa ya kulainishia ngozi kiwandani, swali lao ni moja tu, "nimepata kilo ngapi?", na mimi huwa nawauliza kilo za nini sasa, maana gome ukilichemsha haitoki tanini peke yake, inatoka na sukari, na gamu, na chumvichumvi, vyote vinakaukia sufuria moja na mizani haibagui.

Lakini kabla ya hapo kuna maji, na hapa hata mimi nilichemka. Gome lililobanduliwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji tu, mimi nikapima kilo 1 mbichi nikapigia hesabu kilo nzima, ufanisi, yaani sehemu ya tanini ya gome niliyofanikiwa kuitoa, ukaja asilimia 40, nikasaga upya, nikaongeza joto, wiki nzima nahangaika, kumbe gome kavu mle lilikuwa gramu 500. Tanini ikiwa asilimia 36 ya hilo kavu, kilichokuwepo ni gramu 180, na mimi nilishatoa 144, yaani asilimia 80! Siku hizi sampuli ndogo inaingia oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito ugome kushuka, ndo naanza.

Hizo 144 nilizijuaje? Kwa unga wa ngozi, ngozi ya ng'ombe iliyosafishwa ikasagwa, kwa sababu tanini kazi yake ni kung'ang'ania ngozi. Unakausha kiasi cha mchuzi, yaani yale maji uliyochemshia gome, unapima, kiasi kingine unakitikisa na ule unga, unachuja, unakausha, unapima tena, kilichopungua ndo tanini. Mchuzi unaingia mwekundu kama chai ya rangi unatoka karibu mweupe, na bado siuamini, natia matone ya jelatini yenye chumvi, ukifanya ukungu ujue tanini imebaki, rudia. Mimi kwenye gramu 200 za vitu vikavu, 144 ndo zilikuwa tanini. Ukichochea joto sana hizo 200 zinapanda ila usafi, yaani sehemu ya tanini ndani yake, unashuka, na mwenye kiwanda cha ngozi hanunui sukari.

Halafu makapi usitupe jamani. Yachemshe tena na tena mpaka maji yatoke bila rangi, upime tanini iliyobaki, kwangu zilitakiwa gramu 36, yaani 180 toa 144. Nikapata 29. Saba zilizobaki nadhani ni yale matope mekundu yaliyotuama chini ya jagi mchuzi ulipopoa, ambayo nilikuwa nayasuuza sinki kila jioni.