Jogoo awike asiwike: neno langu kuhusu "kabla na baada"

Nimesoma tena ripoti ya tathmini inayomalizika kwa sentensi ile ile: kipato cha wavuvi kimepanda tangu mradi uanze, kwa hivyo mradi umefaulu. Safari hii ni mradi wa vifaa vya uvuvi pwani ya kusini. Aliyeiandika ana cheti cha ufuatiliaji na tathmini, alikaa darasani na mtihani akapita. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sisi tunaofundisha kazi hii, hapa Mombasa na kwingineko, maana tunawaacha watu watoke kwetu wakiamini kwamba ukipima mwanzo, ukapima mwisho, ukatoa kimoja katika kingine, unachobaki nacho mkononi ni kazi ya mradi.

Kwa mtu aliyekulia pwani, kosa hili halihitaji chuo kulitambua. Besilaini ya mradi ule, yaani kipimo cha mwanzo, ilifanywa Juni, tathmini ya mwisho Januari. Juni ni kusi. Bahari imechafuka, mwenye mtumbwi au ngalawa havuki miamba, wengine hawatoki kabisa, nyavu zinashonwa na ukata unaingia nyumbani. Januari ni kaskazi: maji yametulia, vyombo vinakwenda mbali, samaki wa maji makuu wanapatikana, na mahoteli ya Diani yamepokea wageni wa mwisho wa mwaka, kwa hivyo wanunuzi wapo na bei ni nzuri. Mvuvi yeyote wa Gazi au Shimoni, awe ndani ya mradi au nje yake, ukimuuliza kipato chake Juni kisha ukamuuliza Januari, atakupa namba mbili zilizoachana mbali. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi Novemba hadi Machi, na kalenda hii ndiyo iliyoleta majahazi ya Arabuni kabla hajazaliwa mfadhili yeyote. Kila mtoto wa diko anaijua. Lakini darasani tunatumia nusu siku kusahihisha maneno ya viashiria, yaani vipimo vya mradi, na hatuulizi besilaini ilifanywa wakati wa pepo zipi.

Wahenga walishasema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Swali zima la tathmini ya matokeo limo humo. Lau jogoo huyu asingewika, kungekucha? Na kungekucha saa ngapi? Thamani ya mradi ni tofauti kati ya yaliyotokea na yale ambayo yangetokea lau mradi usingekuwepo. Haya ya pili hayakutokea, kwa hivyo hakuna wa kuyapima. Kundi la ulinganisho, kura (kuamua kwa bahati nasibu nani aingie mradini), tofauti ya tofauti (kulinganisha mabadiliko ya makundi mawili), ufuatiliaji wa mchakato (kufuata hatua zilizoleta matokeo), zote hizi ni njia za kuyakadiria kwa uangalifu, na kila moja ina dhana zake ambazo huwezi kuzithibitisha kikamilifu. Anayeichukua besilaini na kuiweka mahali pa makadirio hayo amedhani kwamba dunia nje ya mradi ilisimama tangu siku ile.

Mifano ya dunia kutosimama ni mingi na nitaipita haraka. Januari 2003 serikali iliondoa karo za shule za msingi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 mwaka uliotangulia hadi takriban milioni 7.2. Mradi wowote wa kuhamasisha wazazi ulioanza 2002 ungeonekana wa ajabu. Kuanzia mwishoni mwa 2020, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya, zikiwemo Kilifi na Kwale, kisha 2023 zikarudi, na mwisho wa mwaka huo zikamwagika kwa El Niño. Mradi wa chakula wenye besilaini ya 2022 huko Ganze au Kinango na tathmini ya mwisho ya 2024 ulipandishwa na mawingu kabla ya kupandishwa na mbegu zake.

Haya ya msimu na ukame watu huyakubali mara moja. Linalonichosha ni jingine, kwa sababu linawaponyoka hata wenye shahada ya uzamili. Ni jinsi mradi unavyochagua pa kwenda.

Miradi huenda kwenye hali mbaya zaidi, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa chukua enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, ambapo wastani wa shule ulihesabiwa katika alama 500. Shule ndogo ina watahiniwa ishirini. Watoto wawili wanaugua wiki ya mtihani, mwalimu wa hisabati amehamishwa katikati ya mwaka, na wastani unashuka alama kadhaa ilhali shule yenyewe ni ile ile. Ukizipanga shule zote za Likoni kwa matokeo ya mwaka mmoja na kuchukua kumi za mkiani, umekusanya aina mbili za shule bila kujua: zilizo dhaifu kweli, na zilizopatwa na mwaka mbaya. Mwaka unaofuata hizi za pili zitapanda zenyewe, kwa kuwa bahati mbaya haikai shule moja kila mwaka. Wastani wa zote kumi utapanda hata kama mradi wako uligawa kalamu tu. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilionyesha jambo hili 1886 kwa kimo cha watu: watoto wa wazazi warefu mno huwa warefu, ila kwa wastani si kama wazazi wao. Sisi hadi leo tunaliandika katika ripoti kama mafanikio.

Upande wa pili una madhara zaidi. Shule iliyoongoza ikapewa zawadi, mwaka unaofuata hushuka kidogo, kwa sababu ile ile. Iliyoshika mkia ikakemewa, hupanda. Afisa anayetazama hesabu hizo miaka kumi atajifunza kwamba sifa huharibu na ukali hujenga, na atawaendesha walimu wake hivyo hadi astaafu. Hayo ni maisha ya watu yanayoharibiwa na hesabu ya kutoa.

Tatizo hilo liko popote tunapochagua wa chini kabisa kwa kipimo cha mara moja: kaya maskini zaidi katika orodha ya msaada, wagonjwa waliokutwa na presha ya juu zaidi siku ya kupimwa, vikundi vilivyoshindwa zaidi kulipa mikopo. Dawa yake ipo. Chagua kwa wastani wa miaka mitatu badala ya mmoja, au linganisha shule zako na shule nyingine zilizokuwa chini vivyo hivyo mwaka ule ule lakini hazikuingia katika mradi. Kikwazo ni kwamba rekodi za nyuma mara nyingi hazipo, na shule za jirani nazo zimekwisha kuchukuliwa na mradi wa shirika jingine. Hapo mimi mwenyewe huandika kwamba sehemu ya ongezeko hili, na huenda ni sehemu kubwa, ingetokea bila mradi, wala sioni njia ya kuipa sehemu hiyo namba. Vitabu vya kozi havina sura inayomwambia mtathmini afanye nini akifika hapo.

"Mwalimu, basi tutaongeza kundi la ulinganisho," wanafunzi huniambia, na wengi wanamaanisha waliojiunga dhidi ya wasiojiunga. Jamani, aliyejiunga na chama cha akiba alikuwa na kitu cha kuweka, alikuwa na muda, na nyumbani waliridhia. Asiyejiunga huenda alikosa vyote vitatu. Hao wawili walitofautiana kabla mradi haujafungua ofisi, na ukiwalinganisha unapima tofauti hiyo ya zamani.

Hapa nchini tunao ushahidi ambao ningetaka kila mwanafunzi wa tathmini aujue kwa moyo. Magharibi mwa Kenya, wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichunguza chati za kufundishia, zile kubwa za kufunuliwa mbele ya darasa. Kwanza walitazama data ya kawaida, shule zilizokuwa nazo na zisizokuwa nazo, na ikaonekana kwamba chati zinainua alama za mtihani kwa kiwango cha kuridhisha. Kisha wakazichukua shule 178, nusu yake zikapewa chati kwa kubahatisha. Alama hazikusogea kwa kiwango cha kuonekana. Utafiti huo ulichapishwa 2004. Shule zilizokuwa na chati tangu awali zilikuwa na mambo mengine pia, na data ya kawaida ilizipa chati sifa ya hayo mambo mengine. Lau tungeishia kwenye hesabu ya kwanza, fedha za walipa kodi zingenunua chati nchi nzima.

Wala nisieleweke kwamba kura ndiyo dawa ya kila kitu. Huwezi kupiga kura kuamua nani apande feri ya Likoni. Na hata pale kura inapowezekana, watu hawakai ndani ya makundi tuliyowapangia. Katika mradi wa dawa za minyoo wa Busia, ulioanza 1998 katika shule 75, Edward Miguel na Kremer waliona kwamba utoro ulipungua kwa takriban robo, na pia kwamba watoto wasiomeza dawa walinufaika, kwa kuwa wenzao waliacha kueneza minyoo. Yaani kundi la ulinganisho lenyewe lilikuwa limeguswa, na ulinganisho wa haraka ungeupunja mradi. Mwaka 2015 watafiti wengine waliporudia hesabu walikuta makosa, hasa kwenye manufaa yaliyodaiwa kuzifikia shule za mbali, na wataalamu wakabishana vikali. Kremer alipata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, na mabishano yale hayakuzimwa na tuzo. Mimi nawasomesha wanafunzi pande zote mbili. Wengine hukereka, wanataka niwaambie nani yuko sahihi. Nadhani athari kwa mahudhurio ni ya kweli. Kwa shule za mbali nina mashaka, na siyafichi.

Sasa mafunzo yetu. Kozi nyingi hupita njia moja: istilahi, logifremu (jedwali la mpango wa mradi), viashiria, kukusanya data kwa simu, kuandika ripoti, picha ya pamoja na vyeti. Logifremu ilibuniwa 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani, kama chombo cha kupanga mradi, na kwa kupanga inafaa. Vigezo vya tathmini vya 1991 vya OECD, jumuiya ya nchi tajiri, ambavyo 2019 viliongezewa cha sita, vinafaa kwa kupanga maswali. Hakuna kati ya hivyo kinachokuambia ni nini kimesababisha nini, na swali la "lau" hupewa slaidi moja alasiri, watu wakiwa wamechoka. Tangu serikali za kaunti zianze 2013 kazi za tathmini zimeongezeka sana, na tunawapeleka vijana huko na slaidi hiyo moja.

Mimi siku ya kwanza nawapeleka soko la Kongowea. Kila mmoja awaulize wachuuzi kwa nini bei ya nyanya imebadilika tangu mwezi uliopita. Wanarudi na sababu zinazogongana: mvua za bara, barabara, mafuta, Ramadhani, madalali. Ndipo nauliza, utajuaje ipi? Tunakaa hapo hadi jioni. Baada ya hapo nawapa orodha ambayo Donald Campbell na Julian Stanley waliichapisha 1963, ya mambo yanayoweza kujifanya matokeo ya mradi, na wanaisoma kwa njaa kwa sababu wameshakutana nayo sokoni. Logifremu husubiri.

Na kozi zenyewe tunazipimaje? Kwa jaribio la kabla na baada. Hili linanikera kuliko ripoti ya wavuvi. Mshiriki huulizwa Jumatatu anaijua tathmini kiasi gani, anajipa nne kati ya tano. Ijumaa, baada ya kuona ukubwa wa jambo, anajipa tatu, na fomu inasema amepoteza ujuzi. Donald Kirkpatrick alieleza ngazi za kutathmini mafunzo tangu 1959: walipenda, walijifunza, walibadilika kazini, kazi ikaleta tofauti. Sisi husimama ya kwanza, pengine ya pili. Je, wahitimu wangu huandika ripoti bora kuliko ambazo wangeandika bila mimi? Wanaokuja kwangu ni wale ambao waajiri wao tayari wanawaandaa kupanda cheo, kwa hivyo kuwaona wakifanya vizuri hakunithibitishii kitu. Nimeanza kuomba waajiri wenye waombaji wengi wapange kwa kura nani aje muhula huu na nani ujao. Wengi hukataa, kwa sababu ninazozielewa.

Tatizo la mwisho liko kwa wanaolipa. Hadidu za rejea nyingi, yaani maelekezo ya kazi anayopewa mtathmini, zinaagiza kwa maandishi: linganisha takwimu za besilaini na za mwisho. Kijana mwenye mkataba wa wiki sita hawezi kugombana na agizo hilo, na simlaumu. Ninachowafundisha ni kuweka aya moja katika ripoti ya kuanzia, wakiomba mambo matatu kutoka kwa mwenye mradi: besilaini ilifanywa mwezi gani, maeneo yalichaguliwaje, na maeneo gani ya jirani yaliachwa na kwa nini. La kwanza hujibiwa siku hiyo hiyo. La pili huchelewa, kwa kuwa aliyechagua maeneo ameshahama ofisi na hakuacha maandishi. Basi toka, nenda kwa chifu na kwa wazee wa mtaa uwaulize. Wao walikuwepo orodha ilipoandikwa, na wanakumbuka nani aliomba kijiji gani kiingizwe.