Maana ya hisa za "blue-chip" na zilikopata jina

Ukifuatilia habari za Soko la Hisa la Nairobi, hutakosa kusikia Safaricom ya simu au EABL ya bia zikiitwa kampuni za "blue-chip". Hiyo ni sifa ya kampuni kubwa yenye jina, inayopata faida mwaka hadi mwaka na kulipa gawio, yaani sehemu ya faida inayopewa wenye hisa, bila kusuasua. Ndiyo hisa ambayo dalali humtajia mteja mgeni asiyetaka presha.

Ajabu ni kwamba sifa hii ya usalama imetoka kwenye kamari. "Blue chip" ni chipu ya bluu, na chipu inayosemwa hapa haihusiani na viazi. Ni kile kidude cha mviringo ambacho wacheza poka huweka mezani badala ya pesa taslimu. Katika seti za zamani za Marekani, chipu nyeupe ilikuwa ya thamani ndogo, nyekundu ya kati, na bluu ya juu kuliko zote. Aliyeweka bluu mezani alikuwa ameweka dau nono.

Jinsi jina lilivyohamia kwenye hisa, Dow Jones, kampuni ya habari za fedha ya Marekani, wenyewe husimulia kuwa mwandishi wao, Oliver Gingold, mnamo 1923 au 1924 alisimama kando ya mashine ya kuchapa bei katika ofisi ya madalali. Akaona hisa zikiuzwa kwa dola 200, 250 na zaidi kila moja, akasema anarudi ofisini kuandika habari za hisa hizo za chipu ya bluu.

Gingold alitazama bei tu. Habari ya ubora ilikuja baadaye, na leo imeifukuza kabisa ile maana ya kwanza. Safaricom ilipouza hisa kwa umma mwaka 2008, kila moja ilikuwa shilingi 5 za Kenya. Kwa kipimo cha Gingold isingefika hata kwenye chipu nyekundu, lakini sasa ndiyo hutajwa mwanzo.

Hakuna ofisi inayotoa cheti cha "blue-chip". Watu huangalia faharasa, yaani orodha za kampuni teule zinazotumika kupima mwenendo wa soko, kama ile ya Dow Jones yenye kampuni 30 au NSE 20 ya Nairobi, nazo hubadilika. General Electric, iliyokuwamo katika orodha ya kwanza ya Dow Jones mwaka 1896, iliondolewa 2018. Kodak ilitolewa 2004, na miaka minane baadaye ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.