Kupanda cheo mchana kweupe: siasa ya ofisini kwa mfanyakazi wa Lubumbashi

Nafasi ya mkuu wa huduma (idara) ikitangazwa katika kampuni ya hapa Lubumbashi, maneno huanza siku hiyohiyo. "Huyo ni wa kwao direkta." "Yule ana mtu wake juu." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi aliyepata nafasi alifanya jambo ambalo wenzake hawakulifikiria: alijua uamuzi unapitia mikononi mwa nani, akahakikisha kazi yake imejulikana huko mapema. Hiyo nayo ni siasa ya ofisini, na haina aibu ikifanywa mchana kweupe.

Kipimo tunachowapa wafanyakazi ni kifupi. Ulichomwambia mkubwa kuhusu mwenzako, ungekisema mwenzako akiwa ameketi palepale? Kama ungekisema, una hoja. Kama usingekisema, unafitini, hata kama neno lenyewe lina ukweli ndani yake. Wizi wa mali ya kampuni ni habari nyingine: huo unaripotiwa kwa maandishi kwa huduma inayohusika, na mlangoni pa direkta au kwenye gari la kurudi nyumbani hauzungumzwi.

Uamuzi unapitia wapi

Oganigramu (mchoro wa vyeo) iliyobandikwa ukutani inaonyesha nani anasaini. Haionyeshi nani anaandika pendekezo. Katika kampuni nyingi za madini na za wakandarasi wao, pendekezo la kumpandisha mtu huanza kwa shefu wa huduma. Likitoka hapo huenda kwa DRH, yaani direkta wa rasilimali watu, ambaye anatazama kontra (mkataba), gradi na faili la nidhamu, kisha kwa watu wa fedha, wanaouliza swali moja tu: mshahara huo umo kwenye bajeti? Direkta jenerali husaini mwisho, na pale ambapo makao ya kampuni yako nje ya nchi, bajeti yenyewe hupitishwa huko.

Ndiyo maana ombi zuri linaloletwa mwezi wa kwanza hujibiwa "tutaona". Kama mwaka wa bajeti wa kampuni yenu unaanza Januari, namba zake hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia, kwa hiyo mazungumzo na shefu yafanyike Agosti au Septemba. Muulize mhasibu kwa adabu bajeti ya huduma yenu inafungwa lini. Swali hilo halina siri ndani yake, na ni ajabu jinsi watu wachache wanavyoliuliza.

Sekretere anajua barua yako iko juu ya meza gani. Dereva na sentinele (mlinzi) wanajua nani anasalimia watu na nani anapita kama hawaoni. Waheshimu wote, ila usiwageuze kuwa masikio yako: kumuuliza dereva wakubwa walisema nini ndani ya gari ni kuhatarisha mkate wake kwa faida yako.

Kazi isiyoandikwa haionekani

Andika rapoti ya ukurasa mmoja kila mwezi, hata kama hakuna aliyeiomba. Tuchukue mfano wa deklaran (mwandaaji wa hati za forodha) wa wakala wa forodha anayefuatilia malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Wengi wangeandika: "Mwezi huu tulifanya kazi nyingi licha ya matatizo." Shefu hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Hii anaweza kuitumia: "Faili zilizopokelewa 42, zilizotoka 39. Tatu zimekwama: mbili kwa sababu uzito wa kwenye fakture (ankara) haukulingana na wa mizani, moja kwa sababu leseni ya kuingiza bidhaa ilikwisha muda. Wastani wa siku za kutoa faili ni 4. Mwezi uliopita ulikuwa 6. Tofauti imetokana na Mama Bernadette wa magazini (ghalani), ambaye sasa anakagua uzito kabla faili haijaondoka mjini. Tunaomba skana moja."

Mna idadi, mna kilichokwama na sababu yake, mna kilichobadilika na aliyekibadilisha, mna ombi moja. Jina la Mama Bernadette limo kwa makusudi. Rapoti iliyojaa "nilifanya, nilitatua, nilipanga" huwafanya wenzako waone kazi yao imemezwa, na siku direkta atakapowauliza kama wanaweza kufanya kazi chini yako, watakumbuka.

Kosa lingine ni kuruka ngazi. Barua ya kwenda kwa direkta inapitia kwa shefu wako, na juu yake huandikwa S/C, yaani kwa njia yake. Ukimpelekea direkta moja kwa moja, mara nyingi hatashukuru: atamrudishia shefu aitolee maoni, na shefu atajifunza kwamba umempita mgongoni. Kama shefu anaikalia barua, mkumbushe kwa mdomo, baada ya wiki moja mkumbushe kwa maandishi. Ikipita wiki nyingine bila jibu, mwambie mwenyewe kwamba unaomba ruhusa ya kuionyesha kwa DRH. Anayekataa hilo anakataa akijua, na wewe hukumficha kitu.

Na kama shefu ndiye anayebeba kazi yako na kuitaja kwa jina lake? Usimrekebishe mbele ya mkutano. Akiona aibu mbele ya wakubwa atajitetea, na wewe utaonekana mtovu wa heshima hata kama haki ni yako. Nenda kwake kesho yake: "Shefu, niko naomba dakika kumi juu ya ile rapoti ya malori. Safari ijayo ningependa niieleze mwenyewe, wewe ukiwepo." Mashefu wengi hukubali, maana ombi hilo haliwapunguzii kitu. Tangu siku hiyo tuma kazi yako kabla ya mkutano kwa wote watakaokuwepo, ukiwa umemwonyesha shefu kwanza, na uombe jina la mtekelezaji liandikwe kwenye PV, yaani kumbukumbu za mkutano. Baada ya miezi sita PV zitakuwa zimesema kila kitu.

Kuwaona watu kabla ya mkutano kunaruhusiwa. Pendekezo linaloanguka mezani kwa mara ya kwanza hupingwa na yule ambaye kazi yake inaguswa, kwa sababu tu hakuulizwa. Mpitie kila mmoja, sikiliza pingamizi lake, rekebisha. Sharti ni moja: uwaambie wote maneno yaleyale. Ukimwahidi mtu wa fedha kwamba gharama haitaongezeka, na mtu wa magazini kwamba utamletea watu wawili zaidi, siku wakikaa pamoja umekwisha.

Watu wa kwetu

Hapa tuseme wazi. Ofisini kuna vikundi vya kabila, vya kanisa, vya waliosoma pamoja UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), vya mutuelle, yaani chama cha kusaidiana. Si vibaya vyenyewe. Mtu akifiwa, mutuelle ndiyo inayonunua sanduku. Ubaya unaingia pale kikundi kinapoanza kugawa nafasi. Waliokuwa Lubumbashi na Likasi mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa makazini na majumbani, hawahitaji kuelezwa mgawanyiko wa asili ukiingia kazini unaishia wapi.

Kwa upande wako yapo mambo madogo yenye uzito. Mahali pa kazi tumia Kiswahili au Kifaransa kila mara asiyejua lugha yenu anapokuwa karibu. Nenda kwenye kilio cha wenzako wote, hata cha yule mnayegombea naye nafasi. Kaa kidogo, toa mchango uleule unaotoa kwa wengine. Ukiombwa kusukuma faili la ndugu, jibu kwamba utamwambia tarehe ya mwisho na karatasi zinazotakiwa, basi. Na kama unakaa kwenye kamati ya kuajiri na ndugu yako yumo kwenye orodha, toka kwenye faili hilo na uombe PV iandike kwamba ulitoka.

Zawadi kwa mkubwa pia zina mpaka wake. Kuchanga na wenzako kwa harusi ya mtoto wake ni heshima ya kawaida. Bahasha unayompelekea peke yako wiki anapoandika kotasyoni (tathmini ya kazi yako) ni matabishi, yaani hongo, vyovyote utakavyoiita, na itakuwa na mwenzake mwaka ujao.

Shefu anayeweka cheo kwa bei ya mwili hafanyi siasa. Anavunja sheria nambari 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, inayoadhibu unyanyasaji wa kingono kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 12 na faini, au moja ya adhabu hizo. Hifadhi ujumbe wote, andika tarehe, saa na mahali, na siku hiyohiyo mwambie mtu mmoja unayemwamini, ili awepo shahidi wa wakati.

Barua ya kuomba maelezo inapofika

Fitina nyingi hatimaye hugeuka karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayowaangusha watu wazuri. Unapewa barua ya kuomba maelezo, mara nyingi ikikutaka ujibu ndani ya saa 48. Kosa la kwanza ni kukataa kuipokea. Kusaini kupokea si kukiri kosa: saini, kisha andika tarehe na saa pembeni. Kosa la pili ni kujibu usiku uleule kwa hasira, ukitaja nani anakuchukia tangu lini.

Jibu lifuate mpangilio wa madai yenyewe. Ukishutumiwa kwamba faili lilichelewa siku tano, anza na siku ulilolipokea, taja siku ulilolituma, taja lilikaa kwa nani katikati, ambatanisha nakala. Sehemu uliyokosea ikiri kwa sentensi moja na useme umerekebisha nini. Usiandike juu ya tabia ya mtu. Chapa nakala mbili: moja inabaki kwa sekretere, ya pili anaipiga muhuri wa kupokea, anaandika tarehe na kusaini. Ihifadhi nyumbani, si kwenye droo ya ofisi. Bila muhuri huo, baada ya miezi mitatu utaambiwa hukujibu.

Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakupa ngao chache zinazofaa kujulikana. Kontra haivunjwi na mwajiri bila sababu halali inayotokana na uwezo au mwenendo wa mfanyakazi, au mahitaji ya kampuni. Kuwa kwenye sendika (chama cha wafanyakazi), au kulalamika dhidi ya mwajiri aliyevunja sheria, si sababu halali. Wala kabila, dini, ujauzito au maoni ya kisiasa. Anayetaka kukufukuza papo hapo kwa kosa zito lazima akuarifu kwa maandishi ndani ya siku 15 za kazi tangu alipolijua kosa hilo. Mambo yakifika huko, mwone kwanza delege (mjumbe) wa sendika, kisha Ukaguzi wa Kazi, kwa sababu Mahakama ya Kazi haipokei mgogoro wa mtu mmoja ambao haujapitia usuluhishi wa mkaguzi.

Kuhusu makundi ya WhatsApp inatosha kusema hivi: picha ya skrini ya ujumbe wako itaishi kuliko urafiki wenu. Lalamiko la kazi lisiandikwe humo.

Ukiona ngazi imefungwa

Zipo ofisi ambazo hakuna rapoti wala adabu itakayofungua mlango, kwa sababu nafasi zimeshagawanywa nyumbani kwa mtu. Ukishapitia mizunguko miwili ya bajeti ukipewa ahadi bila barua, tafuta kwingine ukiwa bado kazini, na usitumie barua ya kazi mpya kama kitisho. Aliyeongezewa mshahara kwa kutishia huwekwa alama.

Ondoka kwa hesabu. Kwa kontra isiyo na muda maalumu, mwajiri anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 14 za kazi, na siku 7 za kazi zaidi kwa kila mwaka mzima wa huduma. Mfanyakazi anatoa nusu yake. Mwenye miaka minne angepewa siku 42, kwa hiyo anatoa 21. Tumia siku hizo kukabidhi faili kwa orodha yenye saini mbili, yako na ya anayepokea. Kisha dai cheti cha kazi, kinachotakiwa kutolewa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kontra kwisha. Kinataja aina ya kazi, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya hifadhi ya jamii. Sheria hairuhusu kuongezwa neno lingine lolote, kwa hiyo ukikuta humo "aliondoka baada ya kutoelewana", kirudishe kiandikwe upya.