Dereva wa gari la ngazi ya 2 bado anaendesha

Katika mgawanyo wa uwezo wa magari kujiendesha uitwao SAE J3016, wa chama cha wahandisi wa magari SAE, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2014 na wenye ngazi kuanzia 0 hadi 5, ngazi ya 2 ni ile ambayo mfumo wa gari unaongoza usukani na mwendo kwa pamoja, huku dereva akiendelea kuangalia barabara muda wote na kuwa tayari kuingilia kati bila kusubiri kuitwa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na gari la aina hii likaanza kuitwa linalojiendesha.

Kuitwa na gari ni jambo la ngazi ya 3, ambako mfumo wenyewe ndio unaofuatilia barabara katika mazingira uliyowekewa, kisha humwomba dereva apokee usukani. Katika ngazi ya 2 mfumo unaweza kukosea bila kujua kwamba umekosea, kwa hiyo usitarajie onyo.

Wapo wanaojitetea kwamba mikono yao ilikuwa kwenye usukani, hoja inayonisikitisha zaidi kwa sababu hutolewa kwa nia njema. Kihisi cha usukani hupima nguvu ya mkono, na mkono unaweza kutulia hapo huku macho na akili viko kwenye simu. Baada ya kuchunguza ajali ya Machi 2018 huko Mountain View, California, ya gari lililokuwa likitumia mfumo wa aina hii na ambayo dereva wake alifariki, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilieleza kwamba kupima nguvu hiyo hakutoshi kuthibitisha umakini, na kwamba yaelekea dereva alikuwa ameshughulishwa na mchezo wa simu. Kamera inayofuatilia macho inakaribia zaidi ukweli, ingawa nayo huona macho yalikoelekea tu, isijue kama dereva ameelewa anachokitazama.

Wala kukosa umakini huko si uzembe pekee. Majaribio ya mwanasaikolojia Norman Mackworth yaliyochapishwa mwaka 1948, ambamo watu walitazama mshale ukizunguka kama wa saa ili wanase mruko usio wa kawaida, yalionyesha kwamba uwezo wa kugundua hushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kusimamia mfumo ambao mara nyingi haukosei ni kazi ya namna hiyohiyo.

Kwa hiyo anayesema gari lake la ngazi ya 2 "lilikuwa linaendesha" wakati yeye anasoma ujumbe, kauli iliyo sahihi ni kwamba alikuwa anaendesha bila kuangalia.