Gemu ngumu za mtindo wa zamani: ni nini, na kwa nini haziachiki

Ndege mmoja mnene, mabomba ya kijani yanayotokea juu na chini, na uwazi mdogo katikati. Ukigusa skrini, ndege anapiga mbawa na kupanda kidogo. Usipogusa, anaanguka. Hiyo ndiyo gemu ya simu iitwayo Flappy Bird, nzima. Wengi walioicheza mara ya kwanza walikufa kwenye bomba la kwanza, alama zikiwa 0, na kabla hawajajua kilichotokea kidole kilikuwa kimeshaanza upya.

Gemu za aina hii zina tabia zinazofanana. Kitendo ni kimoja au viwili tu, mtoto anaweza kukielewa bila maelezo. Picha ni za mraba mraba, za pikseli (vitone vinavyounda picha kwenye skrini) kubwa, au ni maumbo matupu na rangi chache. Halafu zinaua haraka sana: mchezo mmoja unaweza kuisha ndani ya sekunde tano. Hakuna hadithi, hakuna mhusika wa kumpenda, na mara nyingi hakuna hata mwisho. Ukiambiwa tu kwa maneno, huoni kwa nini mtu apoteze muda wake humo.

Ugumu wenyewe una asili ya kibiashara. Gemu za mwanzo, kama Pong ya mwaka 1972, zilikuwa kwenye mashine za sarafu, na mwenye mashine alitaka mchezaji afe mapema ili atumbukize sarafu nyingine. Picha zilikuwa chache kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuchora zaidi. Baadaye simu zikarithi hali hiyohiyo. Mwaka 1997 Nokia 6110 ilikuja na gemu ya nyoka, iliyotengenezwa na Taneli Armanto, kwenye skrini ya pikseli 84 kwa 48. Nyoka akila anarefuka, na mkia wake ndio unaokuja kumuua. Kadiri unavyofanikiwa ndivyo unavyojijengea ukuta wa kugonga. Sijaona wazo la gemu lililo safi kuliko hilo.

Leo hakuna anayetumbukiza sarafu kwenye simu, na simu inaweza kuchora karibu chochote. Kwa hiyo anayetengeneza gemu ngumu yenye picha duni amechagua iwe hivyo. Uhaba wa picha una kazi: unaondoa visingizio. Skrini ikiwa na ndege na bomba tu, unaona wazi ulichogonga na wakati ulipochelewa. Huwezi kusema adui alijificha, wala kwamba hukuelewa ulichotakiwa kufanya. Kosa ni lako, na unalijua papo hapo.

Kosa unalolijua linakupa hamu ya kulisahihisha. Hapa ndipo ilipo siri, kwa maoni yangu, kuliko kwenye ugumu wenyewe. Zipo gemu nyingi ngumu zinazochosha: zinakuua kwa bahati mbaya, kisha zinakutaka usubiri nusu saa au ulipie uhai mwingine. Ugumu huo humfanya mtu aichukie gemu. Gemu ninazozizungumzia ni kali, lakini ni za haki. Sheria haibadiliki, na kurudia hakugharimu kitu.

Super Hexagon, aliyoitoa Terry Cavanagh wa Ireland mwaka 2012, inaonyesha jambo hili vizuri. Una pembetatu ndogo inayozunguka katikati ya skrini. Kuta zinakuja kutoka nje zikiifuata, kila moja ikiwa na upenyo, na wewe unabonyeza kushoto au kulia ili upenye. Skrini nzima inazunguka, rangi zinapiga kwa mdundo. Hatua ya kwanza kabisa, ile rahisi kuliko zote, imeandikwa kuwa ni ngumu, na zinazofuata ni ngumu zaidi ya hapo. Ukifikisha sekunde 60 umeishinda hatua. Siku za kwanza nilikuwa nakufa kwenye sekunde ya nane au ya tisa. Ukifa, unabonyeza mara moja na kuta zinakuja tena papo hapo. Hasira haipati nafasi ya kupoa ikawa uvivu.

Baada ya siku kadhaa niligundua kuwa kuta haziji ovyo. Kuna mipangilio inayojirudia: ule wa kuzunguka kwa mfululizo, ule wa kuruka upande wa pili na kurudi. Jicho linautambua mpangilio, kidole kinaujibu, na akili inabaki kutazama tu. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliichunguza kwa miaka mingi hali ya mtu kuzama katika kazi hadi asahau muda. Alionyesha kwamba inakuja pale lengo linapoeleweka, matokeo yanapoonekana mara moja, na ugumu unapolingana na uwezo. Masharti mawili ya kwanza yamo wazi katika gemu hizi. La tatu linaonekana kama limevunjwa, maana ugumu umezidi uwezo wa kila mtu. Lakini shindano lako si na gemu, ni na rekodi yako. Mwenye alama 3 anatafuta 4, mwenye 90 anatafuta 91, na kila mmoja wao yuko hatua moja tu kutoka anapopataka. Ndiyo maana kauli ya wachezaji wote ni ileile: "Hii ya mwisho halafu nalala."

Kauli hiyo ina upande wake mzito. Flappy Bird ilitolewa Mei 2013 na Dong Nguyen, kijana wa Vietnam aliyeitengeneza peke yake, na ilikaa miezi bila kujulikana. Mapema 2014 ikapanda ghafla hadi kileleni mwa orodha za programu zilizopakuliwa zaidi. Februari mwaka huohuo akaiondoa sokoni kwa hiari yake, ikiwa inamwingizia fedha nyingi kila siku. Alisema aliitengeneza ichezwe dakika chache mtu akiwa amepumzika, lakini imekuwa kitu ambacho watu wanashindwa kukiacha. Namheshimu sana kwa uamuzi huo.

Tofauti kati ya gemu hizi mbili ni ndogo ukiitazama, ila ni kubwa kidoleni. Super Hexagon ina sekunde 60. Ukizifikisha umemaliza jambo, unaweza kuiweka simu chini. Mabomba ya Flappy Bird hayaishi. Medali ya juu kabisa inatolewa kwenye alama 40, na baada ya hapo hakuna kinachokuambia inatosha. Kama hujawahi kucheza gemu za namna hii na unataka kuzionja, anza na ile yenye mwisho.