Maudhi si madhara

Kwenye dirisha la dawa hapa Kigoma, iwe Ujiji au Mwanga, jibu ni lilelile: “Hayo ni maudhi madogo madogo, yataisha.” Limezoeleka tangu kliniki za uzazi wa mpango na za ARV, na huko lina kazi yake. Lakini siku hizi anajibiwa hivyo hata mgonjwa anayesema moyo unaruka mapigo na usiku alianguka akienda chooni.

Maudhi ni usumbufu wa dawa usioumiza mwili. Madhara ni dawa kuumiza mwili, hata kwa dozi sahihi iliyoandikwa na daktari. Basi.

Maneno yenyewe yanajieleza. Maudhi yametoka kwenye kitenzi udhi: jirani mwenye redio ya usiku kucha anakuudhi. Madhara yako ukoo mmoja na dhuru: sumu inadhuru, ngedere wanadhuru shamba. Yote asili yake ni Kiarabu, ila hayakuzaliwa nyumba moja. Polisi wanalijua hilo vizuri. Kesi yao ni shambulio la kudhuru mwili, na hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kuuudhi mwili. Halafu hilo “madogo madogo” linabandikwa kabla mgonjwa hajapimwa chochote.

Chukua kwinini. Sindano ya atesuneti na dawa ya mseto zimeisogeza pembeni, lakini katika mkoa wenye malaria kama Kigoma bado inajulikana. Masikio kuvuma na kichefuchefu katika zile siku 7 za vidonge kwa kawaida ni maudhi. Dozi ikiisha, nayo huisha. Moyo ni habari nyingine. Gome la mti uleule wa sinkona ndilo linalotoa kwinidini, ndugu wa kwinini, iliyotumika miaka mingi kurekebisha mapigo ya moyo. Kwa hiyo hii si dawa ngeni kwa moyo.

Baada ya kila pigo, chembe za misuli ya moyo hutoa madini ya potasiamu ili zijichaji upya. Kwinini huziba baadhi ya milango ya potasiamu, na kujichaji kunachelewa. Kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, muda huo unaonekana katika kipimo kiitwacho QT. Kikisharekebishwa kwa kasi ya mapigo, kwa mwanaume kinatakiwa kiwe chini ya milisekunde 450 hivi. Kikipita 500, yaani nusu sekunde, pigo jipya linaweza kuingia chaji haijakamilika, na moyo ukatetemeka bila kusukuma damu. Mgonjwa anazima ghafla. Wakati mwingine moyo unajirudi wenyewe, anaamka, anasema “kizunguzungu tu”, na sisi tunamwandikia maudhi.

Kuhara, kutapika na frusemaidi, dawa ya kukojosha, hupunguza potasiamu, hivyo huongeza hatari. Azithromaisini, erithromaisini, flukonazo na haloperidoli nazo huchelewesha chaji hiyohiyo. Anayemeza kwinini ya hospitali na azithromaisini aliyojinunulia dukani kwa kikohozi amezijumlisha bila kujua. Dripu ya kwinini nayo huenda kwa saa 4. Mililita 500 kwa mrija wa matone 20 kwa mililita ni matone kama 42 kwa dakika. Ndugu akisogeza kigurudumu “iishe haraka tuondoke”, presha inaweza kuporomoka na mapigo kuvurugika palepale. Jasho jembamba na moyo kwenda mbio huweza pia kuwa sukari imeshuka, kwa sababu kwinini huchochea insulini. Hayo nayo ni madhara, na kipimo chake ni tone moja la damu kidoleni.

Kwa hiyo wenzetu wa dirishani, kabla ya sentensi ile ulizeni: amezimia? Mapigo yanaruka? Kama ndiyo, dozi inayofuata isubiri daktari aone ECG, sukari na potasiamu, na aamue haraka dawa ya kushika nafasi yake, maana malaria haisubiri. Fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ya kuripoti madhara ya dawa ijazwe. Na mgonjwa akisema “dawa imeniudhi”, aulizwe tena kidogo. Huenda anamaanisha imemdhuru.